RimWorld: kuishi mahali pasipo na mti wala udongo

Nimeucheza mchezo wa RimWorld kwa miaka kadhaa hapa Nairobi, kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida, na nina hakika kwamba mtu aliyeucheza kwenye nyanda zenye mvua na rutuba pekee bado hajaujua. Ludeon Studios, kampuni ya mbunifu Tynan Sylvester, iliutoa rasmi mwezi Oktoba 2018 baada ya miaka ya matoleo ya majaribio, na tangu hapo umeongezewa mengi. Kiini chake kimebaki kilekile: watu watatu wanaanguka kwenye sayari ya mbali baada ya chombo chao kuharibika, nawe unawaongoza kujenga makazi. Nitawaita wakazi, kwa kuwa neno walowezi lina historia nzito katika nchi hii. Mahali pa kutua unapachagua mwenyewe, na mahali pagumu ninapopapendekeza kuliko pote ni barafu tupu.

Hesabu ya barafu huanza kabla hujajenga hata ukuta mmoja. Wakazi wanatua na milo 50 ya kufungashwa, na kwa kuwa kila mmoja hula takriban milo miwili kwa siku, watatu hao wataimaliza baada ya siku tisa hivi. Wana pia vipande 300 vya mbao, na hapo ndipo wengi hukosea, maana wanazitumia kujengea kuta na vitanda kana kwamba msitu uko nyuma ya nyumba. Kwenye barafu hakuna mti. Mbao hizo ni kuni, nazo zitunzwe kwa ajili ya moto wa siku za mwanzo; kuta zijengwe kwa chuma au kwa mawe, ziwe za safu mbili ili joto lisitoroke upesi, na wote watatu walale katika chumba kimoja kidogo hata kama watanung'unika kwa kukosa faragha. Mlango nao usifunguke moja kwa moja nje. Jenga kijisebule chenye mlango wa pili, ili baridi ikutane na hewa ya pale kwanza kabla haijafika kitandani.

Iwapo ramani ina chemchemi ya mvuke, jenga kuizunguka. Sisi tunaoijua Olkaria, penye mitambo ya umeme wa jotoardhi hapa Kenya, tunaelewa haraka kwa nini: kabla hujafanya utafiti wa mtambo wa jotoardhi, chemchemi yenyewe hupasha moto chumba kilichoezekwa, bure, usiku na mchana. Kikifungwa chote, hata hivyo, kinageuka tanuri, kwa hiyo acha sehemu ya paa wazi na uendelee kuirekebisha hadi joto litulie. Naupenda sana utaratibu huu, kwa sababu mchezo haukuambii ufanye hivyo. Unaweka tu kanuni za joto zinazofanya kazi kwa uaminifu, kisha unakuachia ugundue.

Chakula ndicho mtihani mkubwa zaidi. Kilimo cha haidroponiki, yaani kukuza mimea bila udongo, kinahitaji utafiti, kwa hiyo mkazi mmoja akae kwenye meza ya utafiti tangu siku ya kwanza huku wengine wakiwinda wanyama wachache wanaopita. Nyama yenyewe haihitaji friji: iweke chini ya paa katika chumba kisicho na moto, nayo itaganda. Utafiti ukikamilika, kaa chini upige hesabu ya umeme. Taa moja ya jua, yaani taa ya umeme inayoiga mwanga wa jua ili mimea ikue, hutumia wati 2,900, na inaweza kumulika vitalu 24 ambavyo kila kimoja kinakula wati 70, yaani wati 4,580 kwa jumla, ilhali mtambo mmoja wa jotoardhi hutoa wati 3,600. Hautoshi. Anza na vitalu vinane, panda mpunga kwa kuwa huwahi kukomaa, kisha ongeza mitambo ya upepo, ambayo kwenye barafu haina miti ya kuizuia. Weka betri pia, kwani umeme ukikatika mimea ya vitalu hivyo hufa upesi, ingawa kuna siku mlipuko wa jua utazima kila kitu cha umeme pasipo onyo, betri zikiwemo. Nilipouona mara ya kwanza, nilitazama juu kwenye balbu ya sebule yangu kuhakikisha kwamba stima ilikuwapo.

Makazi yangu ya pili yaliangamizwa na kipande cha kitambaa. Mkazi mmoja aliyekuwa amebeba mzigo aliitwa kupigana na mbwamwitu, akauangusha pale pale mlangoni, na katika mchezo huu kitu kikilala kizingitini mlango haufungi. Sikuona. Usiku kucha baridi iliingia, mpunga wote ukafa, na asubuhi mpishi wangu alikuwa amepoteza vidole viwili vya mguu. Watu walikufa njaa siku nyingi baadaye, lakini nilipofuatilia nyuma nilifika kwenye kizingiti kile, na ndiyo sababu nauheshimu mchezo huu: karibu kila msiba mkubwa una chanzo unachoweza kukinyooshea kidole.

Jangwa kali ni fupi kueleza. Wengi wetu tungedhani litakuwa rahisi kwa kuwa Chalbi tunaisikia tangu shuleni, lakini joto ni adui mkaidi, maana moto unaweza kuuwasha popote ilhali ubaridi lazima uutengeneze. Kipoza hewa kisichotumia umeme hula mbao, nazo ni chache. Wakazi wavae makoti mepesi marefu na kofia pana, na kazi za nje zifanywe usiku.

Kasoro zipo. Kiswahili hakimo, maelezo ya mwanzo ni machache mno kwa mgeni, na makazi yakiwa makubwa kompyuta dhaifu huanza kujikokota. Hata hivyo, ukishaupakua hauhitaji bando, picha zake ni sahili, na barafu peke yake imenipa usiku mwingi kuliko michezo yangu mingine yote. Sasa nina makazi yaliyofikisha mwaka mmoja, ambao katika sayari hiyo ni siku 60, na kitalu cha tisa kimewashwa juzi.