Postfix na Dovecot ofisini: karibu miaka mitano na seva yetu wenyewe ya barua pepe

Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima, na haikurudi hadi tarehe 18. Ijumaa ya tarehe 15 tulikuwa watu watano tu katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Nakawa, Kampala. Umeme ulikuwapo. Kompyuta zilikuwa zinawaka na taa za swichi zinachezacheza kama kawaida, lakini ankara haikuweza kutoka chumba cha hesabu kwenda chumba cha nyaraka, vyumba vinavyotazamana. Visanduku vyetu vyote vya barua vilikuwa kwenye seva ya kukodi ng'ambo. Barua ya kwenda kwa mtu unayemsikia akikohoa ilibidi iteremke hadi pwani, iingie kwenye kebo ya baharini, ifike Ulaya, kisha irudi kwa njia ileile. Hajati, mwenye ofisi, alisimama nyuma ya kiti changu akaniuliza, "Mwanangu, barua ya huyu kwenda kwa huyu, Ulaya inafuata nini?"

Swali lile lilinikaa. Mwezi uliofuata nilianza kuweka seva yetu wenyewe: Postfix ya kupokea na kusafirisha barua, Dovecot ya kuzitunza na kuwafungulia watu visanduku vyao, na Roundcube kwa wale wanaosomea kwenye kivinjari. Zote ni za bure, na zote zinakaa juu ya Debian, mfumo endeshi wa bure wa aina ya Linux. Nimekuwa nazo tangu Februari 2021, kwa watumishi 14, ofisi moja kubwa na madawati mawili ya mpakani, Malaba na Mutukula. Naandika kwa ajili ya fundi mwenzangu anayefikiria kufanya hivyo, kwa sababu maelekezo mengi yanakufikisha kwenye barua ya kwanza ya majaribio na kukuacha hapo, na kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Kuhusu mashine sina mengi. Ni kompyuta ya mezani iliyokuwa ya karani, RAM ya GB 8, nikaitia diski mbili za TB 1 zinazobeba kitu kilekile ili moja ikifa nyingine iendelee, pamoja na UPS. Kinachokula nguvu ni kichujio cha barua taka. Postfix yenyewe, kwa watu 14, hutaiona hata siku moja ikihema.

Postfix iliandikwa na Wietse Venema, Mholanzi, akiwa mtafiti wa IBM huko Marekani, na ikatolewa kwa umma Desemba 1998. Aliijenga kama kundi la programu ndogondogo, kila moja na kazi yake: ya kupokea mlangoni, ya kusimamia foleni, ya kupeleka nje, ya kupeleka ndani. Moja ikikwama haizivuti nyingine chini. Lakini kilichonifanya niipende ni tabia yake moja: haimwambii mtumaji "nimepokea" mpaka barua iwe imekwisha kuandikwa kwenye diski. Niliisoma habari hiyo kwenye maelezo yake na kuipita tu. Niliielewa usiku mmoja wa mvua, umeme ulipokatika na betri ya UPS ikawa imekufa bila mimi kujua. Mashine ilizimika ghafla, barua 31 zikiwa foleni. Asubuhi niliiwasha, mikono inatetemeka, nikaandika amri ya kuonyesha foleni, postqueue -p. Zote 31 zilikuwapo. Nikairudia amri baada ya dakika kumi, zimebaki nne. Baada ya saa moja hakuna hata moja. Zilikuwa na nyaraka za kontena zilizokuwa zinasubiriwa Malaba, na hakuna mteja aliyejua kwamba usiku ule kulitokea kitu.

Foleni hiyo ndiyo moyo wa kila kitu. Upande wa pili usipopatikana, Postfix hairudishi barua mara moja. Inaiweka kando na kujaribu tena, mwanzo baada ya dakika 5, halafu inazidi kuachanisha hadi kama saa moja na ushee, na haikati tamaa mpaka zipite siku 5. Seva nyingine duniani nazo zinafanya hivyohivyo kwetu, kwa kuwa ndiyo desturi ya SMTP, kanuni ambayo seva husafirishiana barua pepe, kwa hiyo faiba yetu ikikatwa na watu wa barabara kwa siku nzima, barua za wateja zinatusubiri huko zilikotoka.

Ila Postfix ina kasoro moja katika mipangilio yake ya mwanzo, nami nailalamikia kwa dhati. Barua ikikaa foleni, mtumaji haambiwi chochote. Kipimo chake kinaitwa delay_warning_time, na kinakuja kikiwa sifuri, maana yake onyo limezimwa. Dada yetu wa nyaraka aliwahi kukosea herufi moja katika anwani ya wakala wa Dar es Salaam, barua ikaelekezwa kwenye seva isiyojibu, naye akakaa siku 5 akiamini imefika. Mzigo ulilipiwa gharama za kukaa bandarini. Siku hiyohiyo nilikipandisha hadi muda wa saa 4. Sasa barua ikichelewa, mwenyewe anapata taarifa kabla siku haijaisha na anainua simu. Ukisoma aya hii peke yake ukaenda kubadilisha kipimo hicho, nitaona nimefanya kazi.

Jambo la pili ni ukubwa wa barua. Postfix inakuja na kikomo cha baiti 10,240,000, kama MB 10. Kijana wetu wa Malaba aliskani hati ya shehena, orodha ya vifungashio na ankara, vyote katika faili moja la MB 9, ikakataliwa. Akanipigia: "Kaka, tisa si ni ndogo kuliko kumi?" Alikuwa na haki ya kushangaa. Faili likiambatishwa hugeuzwa kuwa maandishi ili lipite kwenye barua, na kila baiti 3 zinakuwa 4, kwa hiyo MB 9 zake zilifika mlangoni zikiwa 12. Nimepandisha kikomo hadi MB 25, na nimemfundisha kuskani kwa rangi nyeusi na nyeupe, jambo lililosaidia kuliko kikomo chenyewe.

Dovecot haijaninyima usingizi. Mwandishi wake ni Mfini, Timo Sirainen, nayo ilianza kutoka mwaka 2002. Nimeipanga itunze barua kwa mtindo wa Maildir, ambapo kila barua ni faili lake peke yake ndani ya folda ya mtu. Uzuri wake unauona siku ya msiba. Mhasibu wetu alifuta kwa bahati mbaya folda nzima ya mwaka uliopita, saa nne asubuhi, wakaguzi wakiwa chumba cha pili. Nilichukua folda ileile kutoka kwenye nakala ya usiku, nikairudisha mahali pake, na kabla chai haijapoa barua zote zilikuwa zimejitokeza tena kwenye kompyuta yake.

Sasa swali la Hajati: je, barua za ndani zinabaki ndani? Zinabaki, lakini si kwa kuweka Postfix tu. Intaneti ilipokatika mara ya kwanza baada ya kazi yangu, nilisimama kifua mbele, na hakuna barua iliyokwenda. Kompyuta zote zilikuwa zinauliza DNS ya nje, huduma inayogeuza jina la seva kuwa anwani yake, "Seva ya barua iko wapi?" na nje hakuna wa kujibu. Seva iko mita kumi, ila hakuna anayejua anwani yake. Dawa yake ni DNS ndogo ndani ya ofisi yenyewe, inayojibu jina la seva kwa anwani ya ndani. Mimi niliweka dnsmasq, mistari michache, na ruta ikaelekeza kila kompyuta huko. Ijaribu kabla hujamwambia bosi kazi imekwisha: chomoa kebo ya faiba mwenyewe, kisha mtumie barua mtu wa chumba cha pili.

Kupeleka barua nje ndiko kulikonichosha, na hapo lawama si ya Postfix. Ili seva yako iaminike, anwani yako ya IP, namba inayoitambulisha mtandaoni, lazima iwe ya kudumu, na ukiuliza kinyumenyume, kutoka namba kwenda jina, lirudi jina la seva yako. Rekodi hiyo huwezi kuiandika mwenyewe, ni kampuni inayokuuzia intaneti inayoiandika. Yetu sitaitaja. Niliomba, nikaelezea, nikaomba tena, wahudumu wa simu wakaniambia nizime ruta niiwashe. Zilipita wiki tatu kabla sijampata mhandisi aliyeelewa ninachokisema, na alipoelewa alimaliza kwa robo saa. Hata hivyo barua zetu ziliendelea kuangukia kwenye folda ya taka za wateja, kwa sababu majirani zetu wa IP, watu tusiowajua kabisa, walikuwa wamekwisha kuchafua mtaa mzima kwa barua taka.

Nilihangaika na hilo miezi minne, nikidhani ni mimi ninayekosea. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Barua zinazotoka nje zinapitia kwa kampuni ya kulipia inayopeleka barua kwa niaba ya wengine. Ndani ya Postfix ni mstari mmoja wa relayhost na nenosiri lake. Kupokea, kutunza na za ndani kwa ndani ni kazi yetu, kupeleka mbali ni kazi yao. Wapo mafundi watakaosema huko ni kushindwa. Mimi nasema wateja wa Juba na Goma wanahitaji nyaraka zao, nami si wa kuwasubirisha ili nijisifu kwamba kila kitu nimekifanya kwa mikono yangu. Bado unapaswa kuandika SPF, ile orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, na DKIM, sahihi inayothibitisha kuwa barua haikuguswa njiani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe walau na mojawapo, na wanaotuma kwa wingi, ambao Google inawahesabu kuanzia kama barua 5,000 kwa siku, wawe nazo zote mbili pamoja na DMARC, rekodi inayosema barua isiyothibitika ifanywe nini. Sisi hatukaribii namba hiyo, lakini niliweka zote tatu.

Usalama. Ukifungua seva kwa dunia, kabla siku haijaisha utaona kwenye kumbukumbu zake watu wa nchi usizozijua wakibahatisha majina na manenosiri. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Programu ya Fail2ban inawafungia nje baada ya makosa machache. Kosa letu lilitoka ndani: mtumishi mmoja alijiwekea nenosiri la jina la mpaka wake na mwaka, na mtu akalibahatisha. Jumatatu moja nilikuta foleni ina barua 6,212, zote za dawa za uongo, zinatoka kwa jina lake. Nilizuia akaunti, nikazichambua kwa anwani ya mtumaji na kufuta zake tu, kwa sababu katikati yake kulikuwa na barua 9 za halali za wenzake. Ilinichukua asubuhi nzima, na kumweleza Hajati kulinichukua zaidi. Baadaye niliweka kikomo cha barua ambazo mtu mmoja anaweza kutuma kwa saa, na manenosiri nayatoa mimi. Watu wananung'unika, nami nimewaambia kwa upole kwamba hili halibadiliki.

Onyo la mwisho kwa walio kwenye Debian 12 wanaotaka kuhamia 13, iliyotoka Agosti 2025. Inakuja na Dovecot 2.4, na toleo hilo limebadilisha namna ya kuandika mipangilio kiasi kwamba faili za 2.3 hazikubaliki. Usiguse seva ya kazi kabla hujajaribu pengine. Mimi nilitenga laptopu ya zamani, nikaziandika upya faili kwa jioni tatu, kisha Jumamosi moja mchana, ofisi imefungwa, nikahamisha kwa muda wa saa mbili.

Kijana wa Malaba, yule wa MB 9, amehamia hapa Nakawa na nimeanza kumkabidhi kazi hii. Wiki iliyopita nilikuwa Bombo kwenye mazishi, akanipigia: "Kaka, nimesoma foleni. Kuna barua tatu za Goma zimekwama tangu saa tano, lakini upande wao ndio haujibu, wetu uko sawa. Nimewajulisha wenyewe. Niziache?" Nilimwambia aziache. Saa kumi zilikuwa zimekwenda.