Mona Lisa au msichana mwenye hereni ya lulu: mchoro upi unashinda?

Mona Lisa wa Leonardo da Vinci, aliyeanza kuchorwa mnamo 1503, yuko makumbusho ya Louvre, Paris. Siri yake ni kingo zilizolainishwa za uso wake: Leonardo alipaka tabaka nyembamba mno za rangi, pembe za midomo zikazama kivulini, ndiyo maana tabasamu halishikiki. Lakini tusidanganyane, umaarufu wake ulikuzwa pia na wizi wa 1911. Vincenzo Peruggia aliuchukua mchoro, ukapatikana Florence mwaka 1913, magazeti yakiwa yameshaupamba.

Msichana mwenye hereni, mchoro wa Mholanzi Johannes Vermeer wa mnamo 1665, yuko makumbusho ya Mauritshuis, The Hague, Uholanzi. Mwaka 1881 mchoro huo uliuzwa kwa gilda (sarafu ya Uholanzi ya zamani) mbili tu! Msichana anageuka ghafla kama aliyeitwa jina, midomo wazi kidogo. Kilemba chake kina buluu ya jiwe la lazuli kutoka Afghanistan. Na ile lulu? Sogea karibu: ni mipako michache ya rangi nyeupe, haina hata kikulabu cha kuning'inia sikioni.

Kwangu Vermeer anashinda. Mona Lisa utamwona nyuma ya kioo na msitu wa simu zilizoinuliwa.