Heda za Land Cruiser FJ40: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja Dodoma

Land Cruiser FJ40 niliyoachiwa na marehemu baba ni ya mwaka 1978, na injini yake ni 2F ya petroli, silinda sita mstari mmoja, ujazo wa cc 4,230. Baba aliitumia kubebea zabibu kutoka Hombolo, na mimi sijawahi kufikiria kuiuza. Manifoldi yake ya ekzosi, yaani kifaa kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda zote, ni ya chuma cha kusubu, na ilipopata ufa niliipeleka kuchomelewa Kizota mara mbili. Mara zote mbili ufa ulirudi kabla ya miezi mitatu, kwa sababu chuma cha namna hiyo kikichomelewa bila kupashwa moto taratibu na kupozwa taratibu hupasuka tena pembeni ya weldi. Ndipo nikaamua kuagiza kutoka Marekani heda, yaani seti ya mabomba yanayochukua nafasi ya manifoldi hiyo.

Katika kuchagua nilianza na mpangilio wa kuwaka wa injini hii, yaani zamu ambayo silinda huwaka, ambao ni 1-5-3-6-2-4. Ukiutazama kwa makini utaona kwamba silinda tatu za mbele na tatu za nyuma zinapokezana bila kukosea: ikiwaka ya mbele, inayofuata ni ya nyuma. Kwa hiyo nilitaka heda inayokusanya 1, 2 na 3 katika bomba moja, na 4, 5 na 6 katika bomba la pili, kabla ya yote mawili kuungana chini, ili moshi wa silinda moja usigongane na wa jirani yake. Niliacha ya chuma kisichoshika kutu kwa sababu hutanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, na ikiwa bomba ni jembamba, kutanuka huko huishia kwenye nyufa zilezile nilizokuwa nazikimbia. Nilichukua ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi ya kauri inayozuia joto.

Muuzaji aliandika kwamba itaingia bila marekebisho yoyote. Haikuwa hivyo.

Anayetaka kununua heda ya 2F ni lazima aelewe jambo moja: kwenye injini hii manifoldi ya hewa (inayopeleka hewa na petroli kwenye silinda) na ya ekzosi ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja, na baadhi ya washa za nati hukandamiza zote mbili kwa pamoja, nusu ya washa ikikaa juu ya hii na nusu juu ya ile. Nilipopima kwa venia, kifaa cha kupimia unene, flanji ya heda (ukingo bapa unaokazwa kwenye injini) ilikuwa nyembamba kuliko ya manifoldi ya hewa kwa zaidi ya milimita moja. Ukikaza hivyo, washa inalala upande. Hewa inafungwa vizuri lakini moshi unavuja, na hakuna gasketi wala silikoni itakayokuokoa. Kijana wa gereji alikuwa ameshashika spana. Mzee mwenye gereji alimzuia, akanielekeza kwa mkereza vyuma, ambaye alinichongea washa zenye ngazi, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, kulingana na vipimo vyangu. Alizifunga pia manifoldi ya hewa na heda pamoja juu ya mashine akazisawazisha uso kwa mara moja, maana kwenye silinda ya sita fila, bati jembamba la kupimia nafasi, ya milimita 0.4 ilikuwa inapita chini ya flanji bila kugusa popote. Kazi hiyo ya mkereza ndiyo iliyoifanya heda hii ifae kwenye gari langu.

Kufungua stadi za zamani, yaani bolti zinazoshikilia manifoldi kwenye injini, kulichukua siku mbili za kuzilowesha mafuta, na moja ilikatika.

Baada ya kuwasha gari kwa mara ya kwanza nilidhani tumemaliza, lakini Mzee aliniambia, "Mwanangu, chuma kipya hakijalala bado. Kipashe moto, kikipoa kabisa ukikaze tena, na kesho rudia." Nilirudia mara tatu, na kila mara nati zilikubali robo mzunguko. Tangu hapo, kila asubuhi injini ikiwa baridi nasikiliza kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine ikipita kwenye kila flanji. Mlio mdogo wa tiki-tiki unaopotea injini ikipata joto ni dalili ya moshi kuvuja.

Kwenye barabara ya Iringa, baada ya kupita Mtera, mlima wa Nyang'oro sasa naupanda kwa gia ya tatu mahali nilipokuwa narudi ya pili. Kwenye matumizi ya mafuta sijaona tofauti. Sauti imekuwa kubwa zaidi, kwa sababu chuma cha kusubu kilikuwa kinameza kelele ambazo bomba jembamba haliwezi kuzimeza, na mama akipanda analalamika.

Kero kubwa zaidi ni joto. Manifoldi ya asili hupasha moto sehemu ya chini ya manifoldi ya hewa ili petroli ichanganyike vizuri, na heda huondoa mpango huo. Asubuhi za Juni na Julai injini hukohoa kwa dakika kumi na choki ikiwa imevutwa. Mchana wa Oktoba ni kinyume chake: ukizima gari sokoni Majengo, joto la mabomba linapanda hadi kwenye kabureta, petroli inachemka, na gari linagoma kuwaka. Toyota wenyewe waliweka feni ndogo ya kupoza kabureta kwenye FJ60, Land Cruiser iliyofuata, kwa hiyo shida hii haikuletwa na heda peke yake, ila heda imeizidisha. Nimetengeneza bati la alumini kati ya kabureta na mabomba, na kugoma kumepungua sana.

Kama manifoldi yako ya asili ni nzima, iache ilipo. Kama imepasuka kama yangu, nunua heda, lakini tenga pesa ya mkereza vyuma kabla ya kulipia mzigo, na uipime flanji kabla ya kutupa kisanduku.