Holda ya simu ya elfu 15: sakshen safi, shingo ndo majanga

Wazee wa Bolt na wote mnaotafuta holda ya dashibodi, hii ya Kariakoo isiyo na jina kwenye boksi nimeitumia vya kutosha, acha niseme. Sakshen, yani ile sehemu ya chini inayonyonya na kunata, inashika balaa, kwenye kioo au dashibodi, na zile kucha za kubana simu ziko fresh, simu kubwa inaingia na kava lake. Shida yote iko shingoni, pale goroli ya plastiki inapokaa ndani ya kikombe.

Asubuhi inakaza poa kabisa, ikifika saa nane gari limepigwa jua, tuta moja tu simu inainama ramani inaangalia gia, unakaza nati inatulia, kesho mchezo ule ule. Kikombe kimechanwa vidole vinne ili goroli ipenye, halafu nati ndo inavibana, sasa plastiki ikibanwa muda wote kwenye joto inalegea yenyewe taratibu, haipasuki ila ule ubano unaisha. Kukaza zaidi unaichosha tu.

Nikaichomoa goroli niichunguze. Imezungukwa na mstari wa moldi, yani ile kalibu ya kumiminia plastiki, pale nusu zake mbili zinapokutana, ukipitisha ukucha unakwama, na upande mmoja imebonyea maana wameijaza plastiki hadi katikati, na plastiki nene ikipoa kwa ndani inavuta ngozi ya nje. Yani duara si duara, inagusa kikombe sehemu mbili tatu, hapo itashika sawasawa vipi? Wanaojua kazi wanaiacha na uwazi ndani ili unene uwe sawa, na pale penye mstari wanapafanya bapa kidogo pasiguse kikombe. Hayo yote ni ya kupanga kabla moldi haijachongwa, plastiki yenyewe wala haiongezeki, tena inapungua! RAM, kampuni ya holda ya Marekani, goroli yao ina raba juu na mkono unaibana kwa skrubu ya kuzungusha, ndo maana watu wanafunga hadi kwenye pikipiki, ila bei yake sasa, tuachane nayo.

Ukienda dukani mwambie muuzaji afungue nati kabla hujatoa hela, pitisha ukucha kwenye goroli. Akigoma, duka la pili lipo hapo hapo.

Nyota mbili kati ya tano, zote za sakshen.