Proxmox VE: inavyogawa diski za mashine pepe

Nina seva moja tu, SSD ya GB 480, na juu yake mashine pepe tano (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva hiyo moja): ya hesabu za duka, ya mafaili, na tatu za majaribio. Huu mwaka wa pili natumia Proxmox VE, programu ya kuunda na kuendesha mashine pepe, na kilichonifanya nibaki nayo ni namna inavyogawa diski. Ukiipa mashine GB 100 kwenye local-lvm, hifadhi ya diski za mashine pepe, haizichukui zote papo hapo. Inajaza kadiri data inavyoandikwa. Raha kweli, ila hapo ndipo pa kuwa macho. Niliwahi kugawa GB 700 kwa jumla, hifadhi ikajaa usiku, mashine zikashindwa kuandika. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nafuatilia asilimia ya nafasi iliyotumika. Sasa kila ninapounda mashine natia alama kwenye chaguo la Discard la diski yake, na ndani ya Linux ya mashine hiyo nawasha fstrim, amri inayotaja nafasi iliyo wazi, ili nafasi ya mafaili yaliyofutwa irudi. Anza na diski ndogo, mimi huanza na GB 32. Kuongeza ni kubofya mara mbili tatu. Kupunguza hakuna kitufe chake. Programu yenyewe ni ya bure, pesa yangu ilienda kwenye SSD tu.