Dombey and Son ya Dickens: baba wa kulipia kila kitu

Riwaya hii ilitoka kwa sehemu za kila mwezi kuanzia Oktoba 1846 hadi Aprili 1848, na ina sura 62. Ukitaka kujua malezi ya watoto wa kiume yalivyoandikwa katika Uingereza ya Malkia Victoria, utamu uko kwenye sura 16 za mwanzo.

Bwana Dombey anataka mrithi wa kampuni. Mkewe anafariki kwa uzazi, naye anamwajiri Polly Toodle amnyonyeshe mtoto, anambandika jina la Richards na kumpa sharti: asimzoee mtoto, wala mtoto asimzoee yeye. Isome taratibu sura ya 8. Mtoto huyo, Paul, hata miaka mitano hajatimiza, anauliza pesa ni nini. Baba anaanza na dhahabu, fedha na shaba, kisha anajigamba kuwa pesa inaweza lolote. Basi mbona haikumwokoa mama?

Akiwa na miaka sita anapelekwa Brighton kwa Dokta Blimber, shule ya wavulana kumi wanaoshindiliwa Kilatini na Kigiriki kutwa. Tabia zenyewe zinapewa alama: kipaji cha kuzaliwa, 6¾ kati ya 8! Anayembeba kimasomo ni dada yake Florence, yuleyule ambaye baba hana habari naye. Ananunua vitabu vilevile, anajisomea usiku, Jumamosi wakikutana anamwelekeza.

Msiwaruke akina Toodle, familia ya yule Polly. Baba yao, mchochea makaa, hajui kusoma; anangoja wanawe wasome ndipo wamfundishe. Dombey, kwa kujiona mfadhili, anamtafutia mkubwa wao, Rob, nafasi katika shule ya hisani. Sare ya rangi kali na namba 147 inamfanya aandamwe na watoto wa mtaani, darasani anacharazwa, na baadaye anakuwa jasusi wa meneja wa Dombey. Kwangu huyu Rob ana uzito kuliko Paul, ambaye wakati mwingine ni malaika mno.

Kasoro ni kwamba Paul akishafariki katika sura ya 16, mada ya baba na mwana inafifia. Zinabaki ndoa, visasi na biashara. Toodle naye ni mwema kupita kiasi.

Chukua toleo lenye michoro ya Phiz, mchoraji wa Dickens. Ila mchoro wa Paul na Bi Pipchin, mama aliyemlea Brighton, unamweka mtoto juu ya kiti kirefu, wakati maandishi yanamkalisha kwenye kiti kidogo karibu na moto. Dickens mwenyewe hakuupenda.