Hoteli ya Ufukweni Baada ya Disney na Universal: Ipi Uchukue Ukienda Orlando

Orlando haina bahari. Mji uko katikati ya rasi ya Florida, na anayetaka watoto wacheze kwenye bustani za michezo za Disney na Universal kisha waoge maji ya chumvi ataendesha gari saa nzima au zaidi, ashike upande wowote. Matangazo ya hoteli hayasemi hivyo. Utasoma "karibu na Orlando" kwenye hoteli iliyo maili 60 kutoka geti la bustani, na maili 60 ni karibu kilomita 97.

Kabla ya kulinganisha hoteli, amua jambo moja: siku za bustani lala Orlando, siku za bahari lala ufukweni. Usijaribu kuzichanganya kwa hoteli moja.

Chukua siku ya Magic Kingdom, bustani ya Disney, ukiwa umelala Cocoa Beach, ufukweni upande wa Atlantiki. Bustani ikifunguliwa saa tatu asubuhi, uwe umeshaegesha saa mbili na robo, maana kutoka maegesho hufiki mlangoni kwa miguu: kuna kigari cha kukupeleka kituoni, ukaguzi wa mabegi, halafu feri ya kuvukia ziwa au treni ya reli moja ya kulizunguka. Ukiweka na foleni ya barabara kuu ya I-4, mmetoka hotelini saa kumi na mbili na nusu, watoto wanakunywa chai ndani ya gari. Usiku fataki zikiisha, umati wote unatoka kwa pamoja, na kufika kwenye gari tu kunaweza kula saa nzima. Kitandani ni saa sita na nusu za usiku. Umelipa maegesho ya Disney, dola 30 au zaidi (waliolala hoteli za Disney hawalipi), na bahari uliyoilipia hukuiona.

Bustani zitangulie, bahari ije mwisho. Tiketi za Disney hufungwa na tarehe, kwa hiyo ndizo zinazopanga safari. Isitoshe, siku moja ya bustani ni mwendo wa kilomita kumi na kitu kwa miguu, na ufuko ndio wa kupumzishia. Ufukweni weka usiku tatu. Hoteli nyingi hukupokea saa kumi jioni na kukutoa saa tano asubuhi, kwa hiyo usiku mbili hukupa siku moja tu kamili. Ikinyesha, basi.

Nafasi ya kwanza: Cocoa Beach

Kwa familia nyingi, hapa pamalize mjadala. Ni kama maili 60 kutoka Universal, 70 kutoka Disney, na barabara ni moja, nambari 528, inayonyooka hadi pwani na kupita karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Orlando. Hilo la uwanja ndilo watu husahau: siku ya kuondoka hulazimiki kurudi mjini. Kutoka hotelini hadi uwanjani ni saa moja hivi.

528 ni barabara ya kulipia, na haina haja ya sarafu; kamera inapiga picha namba ya gari. Kampuni ya kukodisha gari italipa kwa niaba yako, kisha itakukata na ada yake kwa kila siku. Kuikwepa ada hiyo, chukua kibandiko cha muda cha wageni cha kuning'iniza kwenye kioo, kinachotolewa bure uwanja wa ndege wa Orlando. Jisajili kwa simu kabla ya kusafiri, kirudishe unapoondoka.

Bonasi ya Cocoa Beach ni roketi. Kituo cha anga cha Kennedy na Cape Canaveral viko kaskazini kidogo tu, na chumba chenye baraza upande wa kaskazini-mashariki kinakupa onyesho bila tiketi. Tazama ratiba ya urushaji kabla ya kulipia, kwa sababu mbili: uchague tarehe, au uikwepe. Roketi kubwa hupandisha bei na kuziba barabara kwa saa kadhaa.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua hoteli ya Cape Canaveral ukidhani ni Cocoa Beach. Hoteli za upande ule nyingi ni za abiria wa meli za matembezi za Port Canaveral: safi, za bei nzuri, lakini hazitazami bahari. Angalia anwani. Unayoitaka iko kwenye barabara ya A1A au mashariki yake, na picha ya setilaiti ionyeshe jengo, bwawa, mchanga, maji, bila barabara katikati.

Ya pili: Clearwater Beach na St. Pete Beach

Huku ni Ghuba ya Meksiko, magharibi. Aliyezoea Diani au Nungwi atapapenda haraka: mchanga mweupe laini, maji yaliyotulia, jua likizama baharini. Kwa watoto wa chini ya miaka sita ni bora kuliko Cocoa Beach, na kama ningekuwa napanga bahari peke yake ningeiweka ya kwanza. Kinachoishusha ni safari. Kutoka Disney ni kama maili 90, I-4 hadi Tampa kisha daraja la kuvuka ghuba, na Ijumaa jioni au Machi wakati wa likizo za shule safari ya saa mbili inageuka tatu. Maegesho ya kisiwani ni adimu na ghali.

Kuna njia ya kuigeuza hasara hiyo kuwa faida: weka Busch Gardens ya Tampa kwenye ratiba. Iko chini ya saa moja kutoka Clearwater kukiwa hakuna foleni, na ni bustani pekee kubwa ya eneo hili ambayo hoteli ya ufukweni inaihudumia vizuri kwa siku moja. Aliyenunua tiketi ya pamoja na SeaWorld, bustani iliyo Orlando, asilale Orlando safari nzima.

Maswali ya lazima huku ni ya kimbunga. Septemba 2024 mawimbi ya kimbunga Helene yalifurika visiwa vya mwambao huu, na Milton ikafuata Oktoba. Vyumba vya chini, lifti na mabwawa ya hoteli nyingi viliharibika. Picha za tovuti zinaweza kuwa za kabla ya hapo. Soma maoni ya wageni wa miezi mitatu ya karibuni tu, na upige simu kuuliza kama bwawa limefunguliwa na kama kuna kazi ya kurudishia mchanga mbele ya hoteli. Mabomba na matingatinga ya kazi hiyo hufunga kipande cha ufuko kwa siku nzima nzima.

Ya tatu: Daytona Beach na New Smyrna

Bei ndiyo inayompeleka mtu Daytona. Chumba kinachotazama bahari moja kwa moja kwa bei ya chumba cha nyuma cha Clearwater si ajabu. Mchanga wake umeshikana mpaka gari linapita juu yake, na kwa kweli magari yanaruhusiwa ufukweni, mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, kwa kulipia. Wako wanaofurahia kuegesha hatua kumi kutoka majini. Mwenye mtoto wa miaka mitatu anayekimbia bila kutazama aulize sehemu ambazo magari hayaruhusiwi, achukue hoteli ya hapo. Epuka Februari wakati wa mbio za magari za Daytona 500 na Machi wakati wa wiki ya pikipiki, bei zikiwa juu na kelele zikiwa usiku kucha.

New Smyrna, kusini kidogo, imetulia zaidi na ina hoteli chache. Kaunti yao, Volusia, huongoza duniani kwa idadi ya watu wanaoumwa na papa. Majeraha mengi ni madogo, ya mguu au mkono, na huwapata zaidi wacheza mawimbi. Bado, usiogelee karibu na mlango wa bahari wa Ponce, wala alfajiri na magharibi.

Ya nne: Vero Beach

Maili 100 kutoka bustani. Disney wana hoteli yao hapa tangu 1995, na jina hilo huwachanganya watu: hakuna basi la kwenda bustanini. Pana utulivu mwingi, na jirani kuna hifadhi ya taifa ya Archie Carr, ambako kasa hutaga kwa wingi. Nzuri kwa wazee, na kwa wanaoendelea kusini kwenda Miami.

Nje ya orodha kuna hoteli za Orlando kwenyewe zenye mchanga na maziwa. Mchanga ni wa kukalia. Ziwani hakuogelewi, Florida kila ziwa lichukulie lina mamba.

Maneno ya chumba, na bili yake

Kwenye ukurasa wa kulipia, neno moja hubadilisha kila kitu. "Oceanfront" ni chumba kilichotazama bahari uso kwa uso. "Ocean view" huonekana bahari, pengine kwa kukunja shingo. "Partial" ni kipande kati ya majengo mawili. "Beachside" ndiyo inayowanasa wengi: kwa wenyeji wa Daytona na Cocoa ina maana ya upande wa kisiwa tu, ng'ambo ya daraja, hata kama kati yako na maji kuna barabara ya njia nne na duka la vipuri. Upande wa Ghuba huandikwa "Gulf" badala ya "Ocean".

Chumba chenye vitanda viwili vikubwa huruhusu watu wanne, na mtoto huhesabiwa. Familia ya watu sita isitarajie kuweka godoro chini. Chukua vyumba viwili vyenye mlango wa ndani, uandikiwe "connecting". Wakisema "adjoining", mara nyingi ni vyumba jirani tu, na watoto watapitia koridoni. Fleti yenye jiko hutoka nafuu kwa watu wengi, ila ina ada ya usafi, na nyingi haziuzwi chini ya usiku tatu hadi saba.

Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inazitaka hoteli kutangaza bei ikiwa na tozo zote za lazima, lakini kodi bado inaweza kuongezwa mwishoni, na maegesho hukaa pembeni. Mfano wa hesabu: chumba dola 240 na tozo ya hoteli 35 ni 275. Kodi ya Clearwater ni asilimia 13, inakuwa 310.75. Maegesho 30. Usiku mmoja umefika 340.75, na viti viwili na mwavuli wa ufukweni bado. Muulize mhudumu kama tozo ya hoteli inajumuisha viti. Vikiwa ndani, hoteli iliyoonekana ghali inaweza kuwa ndiyo rahisi.

Mapokezi watashikilia pesa za dhamana kwenye kadi, aghalabu dola 50 hadi 150 kwa usiku. Kwa kadi ya benki ya kawaida pesa hizo zinaondoka kabisa kwenye salio na huweza kuchukua wiki kurudi. Kadi ya mkopo ndiyo salama. Jina la kadi lifanane na pasipoti, kwa hiyo ndugu wa Houston aliyekulipia kwa kadi yake awasiliane na hoteli mapema. Hoteli kadhaa za ufukweni, hasa Daytona, hazimpokei mwenye umri chini ya miaka 21.

Bahari yenyewe

Kwetu, kuanzia Mombasa hadi Zanzibar, mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi mbali, na swali la kwanza ni maji yanakupwa saa ngapi. Florida ya kati ni kinyume. Maji hupanda na kushuka kama mita moja tu, hivyo unaoga saa yoyote, lakini upande wa Atlantiki hakuna mwamba wa kukukinga: wimbi linavunjika miguuni, na mkondo wa kurudi baharini unavuta. Ukikushika, usishindane nao, ogelea sambamba na ufuko hadi utoke. Chagua hoteli iliyo karibu na mnara wa waokoaji. Bendera nyekundu mbili, kuingia majini ni marufuku. Zambarau, kuna viumbe wanaouma. Upande wa Ghuba buruta miguu unapoingia ili samaki aina ya taa waondoke mbele yako, na uliza kuhusu maji mekundu, mwani mdogo sana unaoua samaki na kukereketa koo.

Januari maji ni kama nyuzi 17, baridi ya kumtoa mtu mbio. Mei na mwanzo wa Juni ndio wakati mzuri. Vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, vikali zaidi Agosti hadi Oktoba. Miezi hiyo lipia bei inayorudishwa, hata ikizidi kwa dola 20.

Ndege ya jioni? Kabla ya kutoa mizigo chumbani, uliza kama bwawa na bafu la wageni mnaruhusiwa kuvitumia baada ya saa tano. Nguo kavu za kila mtu ziwekwe kwenye begi moja juu ya mengine, na viatu vikung'utwe kabla ya kuingia garini: kampuni za kukodisha hutoza usafi wa mchanga.